Kete Ishirini za Mfereji

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika, kisha nikangoja kidogo kana kwamba utaitikia. Ulikuwa na marahaba ya kuvuta, mtu akiisikia tu anajua kama umeamka vizuri au mgongo unauma. Arobaini yako imepita, vuli imepita bila kunyesha sawasawa, na mimi bado nikifika mlangoni pa chumba chako napunguza mwendo nisikuamshe.

Nakuandikia nikiwa barazani kwako. Nimemwachia mume wangu chai yake kule Mponde, aichume mwenyewe wiki mbili ajue mgongo wangu unavyouma. Nimekuja na Mwanaidi, mjukuu wako. Nimekuja kwa sababu ya zile kete.

Yule kijana wa Arusha amerudi, yule anayezunguka milimani kununua vitu vya kale vya Wazungu awauzie watalii. Ulimfukuza mara mbili ukimwambia kete zako bado zina kazi. Safari hii hakukuta mtu wa kumfukuza. Alizimwaga mezani zote ishirini, nyekundu na bluu, akazigeuza mojamoja kwa ncha ya kidole kama anayeogopa kuungua. Akaniambia ni kete za kamari, za udongo wa kushindiliwa, za zamani kuliko wewe, na kwamba Ulaya wapo watu wanaozikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu. "Lakini mama, wanazitaka safi. Hizi karatasi zilizobandikwa zitoke zote, na pasionekane mkwaruzo hata mmoja." Akataka aondoke nazo akazisafishe mwenyewe.

Nikakataa. Nilikumbuka ulichoniambia kitandani, siku tatu kabla hujaondoka: "Zainabu, ukija kuziuza zile kete, zibandue wewe mwenyewe. Usimwachie mtu. Taratibu." Niliitikia sawa, nikatazama dirishani. Nilijisemea moyoni, huyu mzee hata anapokufa anaonea huruma vitu, hamwonei binti yake. Nisamehe, ndivyo nilivyowaza.

Na ninaziuza, Baba, usinikunjie uso. Mwanaidi amechaguliwa sekondari. Orodha waliyompa ni ndefu: tranka, godoro, sare, ada, na siku hizi kila kitu mzazi anachangia. Unajua mimi orodha kama ile ilinifanya nini.

Mwanaidi aliniuliza kete zenyewe zilikuwa za nini, maana kwake ni vifungo vikubwa tu. Nikamweleza ulivyokuwa kijana wa jikoni kwa yule mkulima wa Kizungu kule Kwai, na jinsi alivyokuachia sanduku la kete alipofunga mizigo kurudi kwao, kwa kuwa hakuona la kukupa. Wewe, mgawa maji wetu, ukazipeleka kwenye mfereji. Nyumba ishirini, kete ishirini, kila moja na karatasi yenye jina la nyumba. Mwaka wa mvua kila mtu alikwenda kwa zamu. Mwaka wa ukame, maji yakiwa ya kutosha nyumba mbili tu kwa siku, kete zote ziliingia kwenye mfuko mmoja. Asubuhi, aliyefika wa kwanza mferejini alitia mkono akatoa mbili, wewe ukasoma majina, kisha zikarudi mfukoni kungoja kesho. Mwanaidi akasema, "Yaani bahati nasibu." Nikamwambia ndiyo, ila babu yako aliiita haki.

Mfuko haujafunguliwa mferejini tangu uondoke. Sasa ni biashara huria, Baba, hata mferejini. Mwenye pesa ananunua pampu anaishusha majini saa yoyote, kabichi zake zinapanda lori kwenda Dar es Salaam, na walio chini wanabaki kuangalia tope. Mwenyekiti akiulizwa anasema kila mtu ajitafutie. Sehemu ya chini, pale ulipokuwa unakaa na jembe lako, imeota magugu. Nilisimama pale nikalia, nikajificha Mwanaidi asinione.

Basi nikaanza kazi. La kwanza nililofanya ungenipiga kofi la mkononi. Nililowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, nikidhani yataharakisha. Kitambaa kikageuka chekundu na ukingo wa kete ukapauka. Nikaacha. Ndipo nikakukumbuka ulivyokuwa ukinikalisha pembeni yako, nyumba ikihama au mwenye nyumba akifa, ubadilishe jina. Hukuwahi kuloweka kete kwenye maji, ulisema udongo hata ukishindiliwa haujasahau kwamba ni udongo. Ulikunja kitambaa chenye unyevu, ukakilaza juu ya karatasi tu, ukazungumza mambo mengine. Kisu hukukitaka. Ukiona pembe imelegea ndipo unaileta kucha ya dole gumba. "Karatasi haivutwi," ulikuwa ukisema. "Inaombwa."

Nimeziomba karatasi zako siku nne, hapa barazani, kuanzia adhuhuri hadi jua lishuke nyuma ya Magamba. Gundi yako ya uji wa ngano ililegea vizuri. Nilizitoa nzima, nikazianika juu ya ungo. Mwandiko wako wa elimu ya watu wazima, kwa penseli, kwa sababu ulisema wino ni mwoga wa maji. Na N zako zote zimegeuka nyuma. Mwalimu alikurekebisha mpaka akachoka. Nilicheka peke yangu.

Kete ya jirani yetu Mama Elieza niliiacha mwisho. Hii uliibandika kwa gundi ya fundi viatu, na kitambaa hakikuitikisa. Nikadondosha tone la mafuta ya kupikia pembeni, nikaiweka juani, nikaenda kusonga ugali. Niliporudi karatasi ilikuwa imekunywa mafuta, inaonyesha ndani kama karatasi ya kufungia maandazi. Chini ya jina la Mama Elieza nikaona Z.

Nilijua kabla sijaona herufi nyingine. Nilikaa, Baba.

Unakumbuka mwaka ule. Najua unakumbuka. Nilikuwa nimemaliza la saba, nimechaguliwa sekondari Tanga, na orodha yangu ilikuwa fupi kuliko ya Mwanaidi lakini hatukuwa nayo. Ulinipa matuta manne nipande karoti. Ukaichukua kete ya nyumba yetu, juu ya jina lako ukabandika jina langu, ukanionyesha. "Hii sasa ni yako. Karoti zako zitakunywa." Jina langu likatoka mara moja, nikamwagilia, karoti zikaota. Baada ya hapo halikutoka tena. Kila asubuhi nilisimama mferejini na jembe, miguu ikiuma kwa baridi, nikisikia ukisoma majina ya wenzangu. Watu walikutania kwamba mganga hajigangi. Mama, Mungu amrehemu, akasema ng'ombe wa maskini hazai. Wewe ulikunja mfuko wako, ukapita mbele yangu hukuniangalia.

Karoti zilikauka. Shule zikafunguliwa bila mimi. Mwaka uliofuata niliolewa Mponde, na kwa miaka kumi na minane nimekulaumu kwa jambo moja tu, kwamba ulikuwa na mfuko mkononi na hukunipendelea hata siku moja. Kumbe sikuwamo mfukoni kabisa.

Niliibandua ile karatasi ya juu, sikuichana. Chini yake ZAINABU, N imegeuka. Chini ya ZAINABU, jina lako. Watatu tumelala kwenye kete moja.

Nilikutukana. Sitaficha. Nilisimama katikati ya baraza nikakutukana kwa Kishambaa, Mwanaidi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Ulinichukulia kete yangu bila kuniambia. Ningekubali kama ungeniuliza? Nisingekubali. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilitaka shule kuliko nilivyotaka kula. Ndiyo maana hukuniuliza. Lakini ulikuwa na miaka kumi na minane ya kuniambia, na kila Idi nilikuja hapa tukala pilau tukazungumzia bei ya chai.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Elieza. Nilikwenda na ulimi wangu umenolewa, unaujua. Nilitaka ajue alichokula. Tena niliwahi kumfikiria vibaya yule mama, kwa vile alivyolia msibani kwako kuliko sisi wenye msiba.

Alinikaribisha jikoni, akanipa maziwa ya moto kabla sijasema neno. Amezeeka, anatembea kwa kushika ukuta. Nikamwambia nazisafisha kete, nimekuta yake. Basi akaanza kusimulia mwenyewe, nami sikumkatiza. Alirudi kwao mjane mwaka ule wa ukame, na watoto wanne, wa mwisho mgongoni. Wazee wa mfereji wakamwambia kete ni ishirini, haiongezwi. Wewe ukapanda kwa wale wa juu wenye chemchemi yao, ukawaomba mmoja aachie zamu. Siku ya pili ukamjia ukamwambia, "Ipo nyumba imekuachia. Usiulize ni ipi." Akaniambia: "Sijauliza mpaka leo, mwanangu. Ila watu wa juu siwaamini, wale hawaachii hata kivuli. Maji yale ndiyo yaliyonibakiza hapa, wanangu wakakua. Siijui hiyo nyumba. Lakini kila Jumapili kanisani naiombea, nikisema Bwana, unaijua wewe."

Baba, nilikuwa na kikombe mkononi na maneno yote mdomoni. Nikahesabu Jumapili zile. Nikamwona ameinama, shuka begani, ananiombea mimi nisiyejulikana, miaka yote niliyokuwa nikipita kwake kwa salamu ya haraka. Nikanywa maziwa. Nikamwambia, "Endelea kuiombea, mama." Nikaaga.

Kwa hiyo siri yako sasa ni yangu. Nilikwenda kuivunja nikarudi nimeibeba. Inaelemea kweli. Sasa najua kwa nini ulipita mbele yangu hukuniangalia, na kwa nini maisha yako yote ulimwagilia shamba letu kwa mabaki, kule mwisho kabisa, ukiniambia kwamba mgawa maji hunywa wa mwisho. Nilidhani ni mila. Ulikuwa huna kete.

Jana kijana amezichukua. Alizigeuza juani zote ishirini, akaona ile yenye ukingo uliopauka, akaguna, akazichukua vilevile. Kete yetu ilikuwa safi kuliko zote. Ukiitazama huwezi kujua kwamba mtu yeyote amewahi kuandikwa pale. Alipoifunga kwenye gazeti niligeuza uso.

Karatasi ninazo mimi. Jina la Mama Elieza nimelitia kwenye msahafu wako, nalo jina lako lipo hapohapo. Jina langu nimelibandika ndani ya mfuniko wa tranka la Mwanaidi, kwa uji wa ngano. Aliuliza mbona N imegeuka. Nikamkalisha pembeni yangu nikamwambia yote, karoti, mfuko, Mama Elieza, na nikamwapisha asimwambie mtu. Alipapasa ile N kwa kidole. Kisha akauliza, "Mama, babu alikuwa mbaya au mzuri?" Nikamwambia alikuwa mgawa maji.

Nimekusamehe, nadhani. Si yote kwa siku moja. Nyingine itatoka taratibu, kama ulivyonifundisha. Mwenyezi Mungu akupoozee kaburi, akupe maji usiyoyagawa.

Asubuhi tunashuka Lushoto kupanda basi, na tranka juu. Nikitoka nitafunga mlango wako polepole. Siri yako nitaitunza, Mama Elieza hataijua kutoka kwangu. Lakini hapo ndipo nitakapoachana na wewe, Baba. Nikija kumnyima Mwanaidi kitu nimpe mwingine, na siku hiyo inaweza kufika, nitamwambia mimi mwenyewe, machoni, ningali hai. Nakuahidi. Mtoto wangu sitamwachia karatasi ya kubandua.

Mwanao,
Zainabu