Kaburi Lililotoa Moshi Fumba

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, salamu zako zimefika. Dada yangu, yaani bibi yako, mguu umepoa, na Jang'ombe nzima bado haifanyi jambo bila kuniuliza mimi. Sasa na wewe huko Tanga unaniuliza kama mizimu ya makaburini ni kweli! Nshachoka kulieleza hili, lakini basi, sikiliza.

Miaka ya hamsini, ujana wangu, nilikuwa nachoma chokaa Fumba. Tulimzika mwenzetu mmoja wa tanurini, tukapanga mawe meupe juu ya kaburi, tukalimwagia maji kama ilivyo ada. Kaburi likafoka, likatoa moshi! Watu wakatoka mbio. Ikavuma kwamba marehemu anaadhibiwa, na kwenye khitma yake hakuja mtu.

"Mume wangu kafanya nini, mwanangu?" akaniuliza mjane wake, Bi Mize, kashika sinia la wali uliopoa.

Nikenda makaburini mchana kweupe, peke yangu, wanaume wazima wananichungulia nyuma ya ukuta. Nikalitia maji jiwe moja ambalo maji ya mazishi hayakulifikia. Likafoka.

"Wapumbavu nyinyi!" nikawapigia kelele. "Kila siku mnachoma chokaa, hamjui jiwe la tanurini likitiwa maji linachemka?"

Jioni ile walijaa kwa Bi Mize, wakamsomea marehemu wake. Yeye akaniombea dua nyingi, hata nikashindwa kumwambia nani aliyeyaleta mawe yale ya tanurini badala ya mawe ya pwani.

Ni mimi, Zuhura. Kwenda pwani niliona mbali, nikayazoa ya tanurini.

Babu yako mdogo,
Haji