Viatu vya Barazani

Mdogo wangu Sulochana,

Sisi wazima, na achari yako imefika bila kumwagika.

Shemeji yako, baada ya miaka yote ile bungeni, chama kimempa mtu mwingine nafasi ya kugombea. Unakumbuka asubuhi za hapa kwetu, wenye shida walivyokuwa wakivua viatu barazani hadi unakosa pa kukanyaga. Siku hizi huoni hata ndala.

Jana nikamkuta anapanga viatu vyetu mlangoni, vyake na vyangu, hata vile vya harusi.

"Baba Bijay, ndiyo nini hiyo?"

"Niache, mama. Wapita njia wasituone tumesuswa."

Akaingia ndani, akakaa kungoja watu. Mara akaja Kuntala, yule mjane mwenye kesi ya shamba. Akavitazama vile viatu.

"Leo mheshimiwa ana wageni wengi," akasema. "Nitarudi siku nyingine."

Akageuka kwenda zake. Shemeji yako alisikia kila neno, akainamisha kichwa. Nikatoka mbio kumfuata Kuntala, pekupeku juu ya kokoto, maana viatu vyangu vyote vilikuwa barazani vikijifanya watu.

Dada yako,
Nirupama