Mikorosho ya Mahameni

Jumatano asubuhi. Wingu zito, mvua haishuki, na kinywa changu kichungu tangu jana.

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba kitu kina thamani ileile kiliyoandikiwa siku kilipoingia daftarini. Sisi wa huku bara ya Kilwa tunalizidisha, maana tunahesabu mashina. Mtu akiweka rehani mikorosho thelathini tunaandika thelathini, na thelathini inabaki hata shamba likigeuka pori.

Nimefundisha hesabu miaka mingi, kwa hiyo nivumilie, daftari langu, nieleze. Thamani ya haki ya kitu ni bei ambayo mnunuzi anayekijua, asiyelazimishwa na mtu, angeitoa leo. Si bei ya mwaka juzi. Deni nalo lina thamani yake, na haipungui kwa sababu anayedai ni mpole.

Chama chetu cha ushirika kinakabidhi mali na madeni yake kwa kijiji hiki kipya cha ujamaa tulikohamia. Kamati iliniomba nisaidie kuthamini. Katika mali ipo mikorosho thelathini ambayo marehemu mmoja aliiweka rehani kwa chama, akafa bila kulipa. Iko kwetu kwa zamani, mahame sasa, mwendo wa nusu siku. Katika madeni ipo stakabadhi ya Bi Somoe, mjane, aliyeleta magunia tisa ya korosho msimu uliopita na hajalipwa hata senti. Anataka bati, zipo dukani Kivinje. Tangu tuhamishwe analala kwenye kibanda kinachovuja, na masika hayako mbali.

Kila akiniona: "Mwalimu, karatasi yangu bado haijaiva? Hata fenesi lingekuwa limeshaoza!"

Jana katibu wetu, kijana mwepesi wa kalamu, alileta dawa yake. Bi Somoe apewe mikorosho ile, kwa bei iliyoandikwa siku ya rehani, iwe ndiyo malipo ya magunia yake. Kijiji kianze bila deni.

Nikamuuliza, "Ndugu Katibu, nikikuuzia wewe mikorosho hiyo kwa bei hiyo, utanunua?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Aa, Mwalimu! Mimi nina wazimu? Nikaokote korosho na nguruwe?"

Kamati nzima ikacheka. Kisha wakapitisha bei ileile.



Kicheko kile ndicho kilichokuwa uthamini wa kweli, mbele ya mashahidi saba. Mnunuzi anayejua amekataa. Kilichobaki ni kumtafuta asiyejua, asiyesoma, mwenye shida ya bati. Huko ni kumwibia mjane kwa mwandiko mzuri.

Lakini kinachonichefua zaidi ni mimi. Orodha ya kwanza ya mali, ya wiki mbili zilizopita, yenye bei hiyohiyo, ina sahihi yangu. Niliitia nikiwa nimekaa kitini, nakunywa chai ya katibu, bila kufika shambani. Jumamosi ndipo nilipokwenda. Moto ulipita mwaka jana, na sasa upupu umepanda hadi matawini. Nilijikuna mpaka nyumbani. Mashina yapo thelathini kweli, nimeyahesabu. Yenye uhai ni manne, na njia ya kuyafikia nilijikatia mwenyewe kwa panga.

Niliyasema haya yote jana. Katibu akainamisha kichwa kwa adabu: "Shikamoo, Mwalimu. Lakini sahihi yako tunayo."

"Marahaba," nikaitikia, kwa mazoea.

Bado naionea haya marahaba ile.

Leo baada ya adhuhuri wanamwita Bi Somoe ofisini aweke dole gumba. Akishaliweka, stakabadhi yake inachanwa, na hatakuwa tena na cha kudai. Watamwambia Mwalimu amepitisha. Ataamini, kwa sababu mwanawe nilimfundisha mimi kujumlisha.

Naogopa, nisijidanganye. Siku hizi anayeipinga kamati huitwa adui wa ujamaa. Nami naupenda ujamaa. Ndiyo maana sitaki kijiji chetu kianze kwa wizi.

Basi, mzee, funga daftari. Nenda kwa Bi Somoe kabla ya adhuhuri, umwambie asiweke dole gumba.