Tepu Nyeusi Juu ya Tundu la Ilimba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naitoa nikijua hakuna atakayeiitikia, lakini kukuandikia bila kukuamkia kumenishinda. Mimi mzima, mama mzima, na mbuzi wazima, isipokuwa yule mkorofi uliyempenda, ambaye tulimchinja kwenye msiba wako. Utusamehe.

Nakuandikia nikiwa kibandani kwangu hapa Ihumwa, katikati ya redio mbovu za watu, maana kichwa kimenivurugika. Albamu yetu imekamilika. Nyimbo nane: wewe kwenye ilimba, hilo sanduku lako la vyuma vya kudonoa kwa vidole gumba, Yohana mtoto wa shangazi kwenye zeze, mimi kwenye nyaya zangu. Watu wa studio wananingoja mimi tu. Nikisema itoke, itatoka. Nikisema isitoke, itabaki humo humo kwenye kompyuta yao. Wanataka jibu kesho, na mimi, Baba, sijui.

Unakumbuka siku ya kwanza nilipoiunganisha ilimba yako na umeme? Nilichomoa kile kiduara chembamba kinacholiza saa ya mezani, nikakibana chini ya sanduku la ilimba, nikavuta waya mpaka kwenye amplifaya na betri ya gari, na juu ya paa la tembe nikaweka spika mbili za honi. Ulidonoa chuma kimoja tu kwa kidole gumba. Kuku walitawanyika, mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, nawe ukaiweka ilimba chini taratibu, ukarudi nyuma hatua tatu.

"Hii imekasirika," ukasema. Kisha ukacheka mpaka ukakaa chini.

Haikupita wiki ukawa unasalimia watu kwa kipaza sauti, "Mbukwenyi!", ukingoja kijiji chetu kizima cha Haneti kiitikie, na hakuna aliyeweza kukubandua pale.

Shida ilikuwa ule mvumo. Usoni pa sanduku ulitoboa tundu dogo, ukaliziba kwa utando mweupe wa buibui, ule wanaofunikia mayai yao, ili kila chuma kikilia utando nao uvume juu yake. Mama alikatazwa kufagia ukuta wa zizi kwa ajili ya hao buibui. Wageni wakija alikuwa anaona haya, nawe unamwambia, "Waache, hao ni wanabendi wenzetu." Kwenye spika zangu mvumo ule ulizidi ukawa mkoromo. Watu wa harusi tulizopiga waliupenda, wakasema hapo ndipo ngoma inapokolea. Mimi nilikuwa naumia kimya kimya. Fundi wa redio akisikia spika inakoroma anajua kuna kitu kimeharibika, na hawezi kutulia mpaka akitengeneze.

Siku ile tuliyokwenda mjini kurekodi, ulipotoka nje kunywa chai, bwana wa studio alivua hedifoni akaniuliza, "Dada, hiyo mikwaruzo ni ya nini? Kuna waya umelegea?"

Ningemweleza. Maneno yote nilikuwa nayo, ulinifundisha mwenyewe tangu mdogo. Lakini nilikuwa nimemwona alivyokutazama ukipiga, wewe na makubazi yako na sanduku lako, nikajikuta nimesema, "Ndiyo, kidogo tu. Narekebisha." Wewe ulikuwa bado nje. Nikakata kipande cha tepu nyeusi ya kufungia nyaya, nikakibandika juu ya tundu.

Ukarudi, ukaketi, ukapiga chuma cha kwanza. Uliigeuza ilimba ukaitazama usoni, ukapitisha kidole juu ya tepu. Mimi nikainamia nyaya zangu kama mtu aliyedondosha sindano. Nilingoja unigombeze. Hukusema neno. Ukapiga nyimbo zote nane, sauti safi, bila hata chembe ya mvumo, na njiani kurudi ukazungumzia mtama tu, kwamba mvua imechelewa.

Miezi mitatu baadaye tukakuzika, na hilo neno ambalo hukulisema ndilo linalonitesa. Ulikasirika? Ulinihurumia? Au ulipenda kweli? Mara naisikiliza albamu naona fahari mpaka machozi yananitoka, maana vidole ni vyako kabisa. Mara namsikia mzee mwingine, aliyenyolewa ndevu na kuvalishwa suti asiyoiomba. Yohana anasema, "Dada, unajitafutia kesi bure. Itoke, watu wacheze." Asubuhi namkubalia, jioni namkatalia, mpaka sasa ananikwepa.

Basi Jumamosi nikaenda Haneti kumsikilizisha mama. Nilitumaini atasema huyu siye, niikatae albamu, yaishe. Alisikiliza wimbo mzima huku akichambua mlenda.

"Ndiye," akasema. "Ndivyo alivyokuwa anapiga siku za mwisho."

Sikumwelewa. Akaingia ndani akaitoa ilimba kwenye mfuko wako wa ngozi. Tepu yangu ilikuwa bado ipo, imechakaa pembeni kwa jasho la vidole vyako.

"Nilimwambia aitoe, ilimba imekuwa kama ina mafua," mama akasema. "Akakataa katakata. Akasema, 'Fundi wangu ndiye kaiweka, ina kazi yake.'"

Baba, haikuwa na kazi yoyote. Niliiweka kwa sababu nilikuonea aibu mbele ya mtu ambaye hata jina lake silikumbuki. Nawe ukakaa miezi mitatu unajizoeza kuipenda aibu yangu, ukidhani ni ufundi. Nilitaka kuibandua pale pale mbele ya mama, mkono ukakataa. Nikiibandua, nakupinga wewe uliyeilinda. Nikiiacha, naendelea kukudanganya. Nilimrudishia mama ilimba kama ilivyo, nikaondoka bila hata kula.

Kesho nitawaambia itoke. Usiniulize kama ni sawa, sijui, na ukiniuliza keshokutwa pengine nitakujibu vingine. Ila nitaomba kitu kimoja: kabla ya wimbo wa kwanza iwekwe sauti yangu. Nitasema anayepiga ni baba yangu, kwamba ilimba yake ilikuwa na mvumo, na kwamba aliyeuziba ni mimi.

Pumzika, Baba. Na kama siku ile studio ulinikasirikia, hata kidogo tu, nitashukuru. Hasira yako naiweza. Kuaminiwa vile ndiko kunakonishinda.

Ni mimi,
binti yako.