Alama za Vidole Shingoni mwa Masika

Kadutu, Bukavu
Tarehe 9 mwezi wa saba 2023

Mupendwa dada yangu mukubwa, yaya Faida,

Nakusalimia sana. Uko muzima huko Kalemie? Na mimba, inaendelea vizuri? Sisi tunapumua tu, Mungu asifiwe, lakini nyumba iko kimya tangu tumuzike kaka yetu Gentil.

Kwa simu walikuambia muke wake, Masika, amemuua. Kweli alimupiga. Lakini hawakukueleza yote, na mimi nilikuwepo.

Ilikuwa saa sita ya mchana, Masika anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Gentil akaingia amelewa pombe ya kasiksi, akisema ameambiwa muke wake anacheka na wanaume sokoni. Akamukaba koo. Nilikuwa naanua nguo. Nilipofika, macho ya Masika yalikuwa yamegeuka. Nikamuvuta Gentil kwa shati, akanisukuma nikaanguka. Masika akapapasa chini, akashika mutwangio wa sombe, akamupiga kichwani mara moja tu. Kisha ni yeye mwenyewe alipiga kelele watu waje kumubeba bwana yake hospitali. Hakufika.

Kwenye kikao cha familia, tonton Jean-Baptiste, ndugu ya baba, alisema, "Angemupiga kwenye mukono. Angekimbia. Mwanamuke haui bwana yake." Wote wakaitika.

Nikauliza, "Akimbie vipi, tonton, koo ikiwa mikononi mwa mutu?"

"Wewe uko upande gani?" akanijibu.

Yaya, sina upande. Gentil ndiye alinibeba mugongoni mupaka hospitali mwaka ule nilipougua surua. Namulilia kila siku. Lakini mbele ya jaji nilisema niliyoyaona. Daktari naye akaeleza zile alama za vidole shingoni, na Masika akaachiliwa. Amerudi kwao Bunyakiri. Hakuna hata mumoja wetu aliyemusindikiza, hata mimi. Niliogopa macho ya watu.

Mama hakuniongelesha tangu siku ile ya jaji. Nilidhani amekasirika kwa sababu nilimutetea Masika. Kumbe sivyo. Jumapili, tukitoka misa, akasimama njiani, akanishika mukono.

"Adélaïde," akasema, "ungemuvuta kwa nguvu zaidi."

Toka siku ile naisikia shati ile ya Gentil ikiniponyoka vidoleni.

Unisalimie shemeji Bisimwa na mama mukwe wako. Mungu akujalie ujifungue salama, na mutoto akute watu wanaopendana.

Ni mimi mudogo wako, ninayekupenda na kukukumbuka sana,

Adélaïde