Taya la Baba na Hadithi ya Bibi

Wanangu,

Chakula kiko jikoni, pasheni moto. Nguo zianueni kabla ya mvua. Komeo la geti lisukumeni kwa nguvu, huwa linajifanya limeshika.

Msiogope, ni taya langu tu limekwama. Asubuhi bibi yenu alikuwa ananisimulia ile harusi ambayo bwana harusi alichelewa, kwa mara ya nne wiki hii. Nikapiga mwayo, mdomo ukakataa kufunga. Yeye akadhani nimeshangaa! Akanogewa, akaendelea mpaka chai ikapoa. Nampungia mikono, ananiambia, "Subiri baba, bado hujasikia."

Alipoelewa kuwa taya limekwama, alicheka mpaka akashika ukuta. Iliniuma, sitaficha. Lakini ni yeye aliyenikokota kwa daktari wa meno hapo kona. Huyo akasema mambo haya yanataka bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, na yeye hamjui hata mmoja. Tukarudi, bibi yenu akashika simu, akasumbua watu sita. Wa saba akampatia bingwa. Tunaonwa saa nane.

~~Msimwambie kwamba ulikuwa mwayo.~~ Nitamwambia mwenyewe, nikipata mdomo wa kuomba radhi.

Teksi imefika. Ni mwendo wa saa nzima, na bibi yenu ameshaanza ile harusi upya. Mara tatu za kwanza nilisinzia kabla ya mwisho, na ya nne taya likanikatiza. Leo nitajua kama bwana harusi alitokea.

Baba yenu, msikilizaji