Sauti ya Koko Kwenye Diski ya Kasi

Jumatatu, 7 Agosti. Mutsamudu

Umeme umerudi mchana. Nimewasha mashine ninamohifadhi rekodi za sauti, diski kubwa za zamani zikaanza kunguruma. Zinaandika polepole hizo. Ndiyo maana mbele yake nimeweka SSD moja, diski ndogo ya kasi: rekodi mpya huangukia hapo upesi, kisha hushuka polepole kwenye diski kubwa mashine ikitulia.

Leo nimeingiza masimulizi ya Koko, bibi yangu, ya miaka ya mamluki wa kigeni waliopindua serikali, alipokuwa akiuza mikate Moroni. Nilicheka sana nilipokuwa nikimrekodi. Mashine ikasema imehifadhi, nikayafuta kwenye kinasa sauti. Umeme ukakatika tena.

Jumatano, 9 Agosti

Koko ameanguka jikoni. Kiharusi. Yuko hospitali, Hombo. Hasemi. Naogopa.

Alhamisi, 10 Agosti

Nilitaka nimsikie. Rekodi haifunguki. SSD haipo.

Shemeji Salim, mume wa dada yangu, alilala kwetu juzi. Ameondoka nayo Moroni. Kaka yake anafanya anda, ile ndoa kubwa ya kwao, na mpiga video anataka diski ya kasi. Nimempigia simu. Hana hata wasiwasi, ananiambia:

"Shemeji, hiyo si akiba ya muda tu? Asili zote ziko chini, kwenye diski kubwa."

Za zamani, ndiyo. Ya Koko haijashuka, umeme haukuipa nafasi. Na diski keshampa mpiga video, ambaye ataifuta kabla ya ngoma ya kesho. Huyo mpiga video hapokei simu. Watu wa Moroni wakisikia anda, akili inakwenda likizo. Nimekata tiketi ya kesho, naifuata mwenyewe.

Ijumaa, 11 Agosti

Uwanja wa ndege wa Ouani, nangoja ndege. Sijala.

Baadaye, Moroni. Nimempata mpiga video kwa dada yake, kijijini Mvouni, nje kidogo ya mji. Anakula wali, hana haraka. Ngoma imeahirishwa, jamaa wa Ufaransa hawajafika. SSD imo mfukoni mwake, haijaguswa. Nimelia mbele ya watu nisiowajua. Wakanipakulia wali.

Jumapili, 13 Agosti. Mutsamudu

Nimeirudisha mahali pake. Rekodi imeshuka yote. Nimebadilisha mpangilio: kuanzia sasa kila kitu kiandikwe kwenye SSD na diski kubwa kwa pamoja. Ni polepole. Sawa tu.

Jioni nimeipeleka Hombo. Koko amejisikiliza akieleza alivyowauzia mamluki mikate ya jana. Pale ninapocheka kwenye rekodi, upande mmoja wa mdomo wake umepanda.

Nimerudisha nyuma kidogo. Umepanda tena.